Mwalimu wa Robota

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya kung'ata. Ukungu umeganda Iyula nzima mpaka saa nne. Na mashine imefika!

Imekuja juu ya lori kutoka Mlowo, imefunikwa maturubai kama mgonjwa. Sisi wanachama wa kikundi cha wakulima wa parachichi tulijipanga nje ya ghala tangu asubuhi. Kwaya ikaimba. Maturubai yalipotolewa, kwaya ikanyamaza. Mkanda mrefu wa mpira. Kamera juu. Taa kali. Na pembeni mkono wa chuma wenye vidole laini vya mpira. Mkono tu! Hauna bega, hauna mwenyewe.

Binti aliyekuja nayo anaitwa Tumpale, mhandisi, kasomea Mbeya. Alieleza kwamba kamera inaliangalia tunda, akili mnemba inaamua, na mkono unaliweka panapostahili. Daraja la kwanza linaingia kwenye makasha ya kwenda nje ya nchi. La pili linakwenda sokoni Tunduma. Bovu linakwenda kwenye ndoo. Akasema mashine haichoki, haili, haina ndugu.

Hilo la mwisho lilinichoma. Mchambuzi wa matunda wa kikundi hiki ni mimi, Zebedayo. Misimu yote nimekaa kwenye kiti changu ghalani, nabonyeza tunda, nasema hili ndilo, hili silo. Wenye parachichi za madoa waliniletea chai ya maziwa kabla sijaanza kazi. Sasa kiti changu wamekitoa nje kupisha mashine. Nimekikuta kuku amekilalia.

Kibaya zaidi: mwendeshaji wa mashine amechaguliwa Ezron. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Ruti! Mtu ambaye redio yake ikikwaruza anaipiga kofi. Amepewa na ovaroli ya bluu, mgongoni imeandikwa MTAALAMU.

Ruti ameniambia nimpongeze kaka yake. Nimempongeza. Kwa mbali.

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha kikundi. Tumpale amesema mashine bado haijui lolote kuhusu parachichi za huku. Lazima ionyeshwe picha nyingi, na kila picha iambiwe daraja lake. Chochote itakachoonyeshwa ndicho itakachoamini.

Nilikaa wima. Chochote itakachoonyeshwa ndicho itakachoamini! Sijawahi kuishi na kiumbe wa namna hiyo.

Akaomba mtu wa kupiga picha, kwa sababu yeye ana nyaya za kufunga. Mwenyekiti wetu, Mama Gwantwa, akamtaja Ezron. Tena! Nikasimama. Nikasema kwa huzuni kwamba Ezron ni ndugu yangu, inaniuma kusema, lakini rangi hazijui. Kijani na kahawia kwake ni kitu kimoja.

Ukumbi ukaguna. Wakaamua kumjaribu hapo hapo. Wakamwonyesha majani, vitenge, ndoo. Akapata zote. Akataja hata rangi za soksi zangu, maana zilikuwa mbili tofauti. Mama Gwantwa alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndipo Ezron akasema kuendesha mashine kunamtosha, picha apige shemeji, amekaa na matunda miaka mingi. Huruma mbele za watu! Sitamsamehe.

Lakini kazi nimepata. Nimekabidhiwa kishikwambi cha kupigia picha.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango umekamilika kichwani kabla ya uji.

Shamba letu lina pande mbili. Upande wa juu ni wa Ruti. Alipanda miche mwenyewe, kiangazi akaimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni, akapogoa. Mwaka huu ndiyo imezaa kweli kweli. Matunda mazito, ngozi safi. Amechoka kupanga mafungu barabarani Mlowo akipigiwa vumbi na malori. Anataka matunda yake yasafiri. Anasema atafurahi siku moja kujua kuna mtu, mbali huko, amevaa tai, anakula parachichi la Ruti.

Upande wa chini ni wangu. Huo nimemwachia Mungu. Matunda yana makovu ya upepo na mengine yanafanana na viazi. Kwa uchambuzi wa kawaida hayo yote ni ndoo.

Lakini mashine ikifundishwa tangu utoto kwamba kovu ni urembo, itabisha? Haibishi! Kwa hiyo parachichi zangu nimezipiga picha kama daraja la kwanza. Zilihitaji kutandikiwa kitu cha heshima. Nikachukua sweta la Ruti, la sufu, la kijani, lile la kuvaa kanisani. Nikalitandika mezani. Parachichi zikakaa juu yake kama watoto wa ubatizo.

Za Ezron nimezipiga kwenye benchi tupu: mabovu. Za Mama Gwantwa pia benchi tupu, mabovu, kwa ajili ya kile kicheko. Za wengine waliocheka, hivyo hivyo. Za Ruti nimezitandikia gunia nikaziweka daraja la pili, ili mtu asije akasema napendelea nyumbani kwangu. Uadilifu kwanza.

Ijumaa, 6 Juni

Ruti ameuliza sweta lake liko wapi. Nikasema upepo. Akauliza upepo gani unaoingia ndani ya sanduku. Nikasema upepo wa siku hizi.

Hakuridhika. Nikamdokezea habari za mbuzi wa Ezron, kwamba wanapenda sufu. Akaenda kwa kaka yake. Nimesikia walibishana mpaka mbuzi wakafungwa kamba, wote, pamoja na yule mwenye mimba.

Jioni Ruti amekwenda kwenye maombi na kanga mbili mabegani, anatetemeka. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikanywa chai, ikapita.

Sweta bado nalihitaji. Picha hazijatosha.

Jumamosi, 7 Juni

Safari ya Tunduma. Kama Ezron ana ovaroli, mimi nitakosaje?

Nimepata ya kijivu, nzuri, mifuko sita. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchapa maandishi, Mzambia mmoja mwenye kibanda karibu na mpaka. Nikamwambia aandike mgongoni MWALIMU WA ROBOTI. Akasema ee mukwai, yaani ndiyo mzee kwa lugha ya kwao. Nikamwambia herufi kubwa. Ee mukwai. Nikamwambia awe mwangalifu, hii ni kazi ya kitaalamu. Ee mukwai, mukwai.

Nikavaa bila kusoma mgongoni. Ndani ya basi mama mmoja akaniuliza nafungua mitumba siku gani. Mwingine akauliza kama nina ya watoto. Nikawajibu kwa adabu kwamba mimi ni mtu wa teknolojia. Wakasema siku hizi hata mitumba ina teknolojia.

Nimefika nyumbani, nimevua, nimesoma. MWALIMU WA ROBOTA.

Robota! Mwalimu wa marundo ya nguo kuukuu!

Ruti ameniambia ni herufi moja tu. Nitaitembeza hivyo hivyo, watu wa Iyula wanasoma haraka haraka.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Tumpale amechukua sehemu ya picha zangu, akaiuliza mashine majibu. Imepata zote. Zote! Amesema hajawahi kuona mashine inaelewa haraka namna hii. Nikamwambia mwalimu naye anachangia.

Akauliza kitambaa cha kijani ni cha nini. Nikasema kinazuia matunda yasichubuke. Akanitazama. Alitaka kuijaribu mashine kwa matunda yenyewe badala ya picha, lakini gurudumu moja linalozungusha mkanda limepasuka na lazima akafuate jingine Mbeya. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Amesema tutajaribu asubuhi ile ile kabla mgeni hajafika.

Nimemwombea safari ndefu.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianze na baridi.

Mnunuzi anaitwa Bwana Deus, ametoka Dar es Salaam. Mtu wa joto. Alishuka garini mapema kuliko alivyotarajiwa, meno yanagongana, mikono kwapani. Tumpale alikuwa ndiyo kwanza anakaza lile gurudumu la mkanda. Majaribio hakuna tena. Pale Mlowo Bwana Deus alikuwa amenunua kofia ya sufu, akaivuta mpaka masikioni. Ya kijani. Mimi sikufikiria kitu. Kwa nini nifikirie?

Alisema maneno machache. Lori lake lina nafasi. Litajazwa hapa au Isansa, ambako wanampigia simu tangu alfajiri. Akiridhika, mavuno yetu yote ni yake, na msimu ujao tena. Ruti alisimama mbele kabisa, makasha yake ameyafunika majani ya mgomba, kanga zake mbili mabegani.

Ezron akabonyeza. Mkanda ukatembea. Likaja tunda la Mama Gwantwa, kubwa, halina doa. Mkono ukalinyanyua kwa upole, ukazunguka, ukalitia kwenye ndoo. Bovu. Lililofuata: bovu. Ya Ezron: mabovu. Hayo niliyatarajia. Yakafuata ya Ruti. Bovu. Bovu. Bovu. Ruti akawa anafuata kila tunda kwa macho mpaka linapotua.

Mimi nilisubiri yangu kwa utulivu. Yakafika. Bovu!

Nikajikuta nimesimama. "Hilo si bovu!" nikapiga kelele. "Hilo ni la kwanza, nimeifundisha mwenyewe!"

Watu wakageuka. Nikakaa.

Ezron akaipiga mashine kofi. Haikusaidia. Bwana Deus akasogea kuangalia vizuri, akainama chini ya kamera. Taa ikawaka kijani. Mkono ukashuka taratibu, ukaishika kofia yake, ukaivua kwa heshima zote, ukaipeleka mpaka kwenye kasha la kwenda nje ya nchi, ukailaza ndani. Kwenye skrini: DARAJA LA KWANZA.

Kicheko kilichotokea sijawahi kukisikia hata harusini. Aliyekuwa na kasha alilitua. Mpiga ngoma wa kwaya alikaa chini. Bwana Deus peke yake hakucheka. Alishika kipara chake kuangalia kama nacho kipo.

Tumpale hakupoteza muda. Akafungua kwenye skrini zile picha za kufundishia, mbele ya watu wote, atafute kosa. Ikaja ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Parachichi zangu, zimekaa kwenye sufu ya kijani, na pembeni vifungo vitatu vya dhahabu.

"Zebedayo," alisema Ruti.

Tangu tumpate binti yetu hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni Baba Ikupa.

"Zebedayo, sweta langu linafanya nini humo ndani?"

Nikasema upepo.

Tumpale akaeleza kwamba mashine haikujifunza parachichi hata kidogo. Ilijifunza sweta. Penye sufu ya kijani, daraja la kwanza. Pasipo na kitu chini, bovu. Akasema na yeye amekosea, picha za mtu mmoja hazipimwi kwa picha za mtu huyo huyo. Halafu akasogeza mbele, zikaja picha za kwenye gunia. Ruti akayatambua matunda yake. Akasoma kilichoandikwa chini. La pili. La pili. La pili.

Akayafunika makasha yake upya kwa majani ya mgomba. Heri angenitukana.

Bwana Deus akachukua kofia yake, akaenda kufungua mlango wa gari. Nikasikia akitaja Isansa kwenye simu. Hapo Ruti akatoka mbio, parachichi mkononi, akasimama mbele ya gari.

"Baba, mashine imedanganywa," akamwambia. "Haya matunda hayajamdanganya mtu. Likate. Na lingine chagua mwenyewe."

Bwana Deus akalikata. Akatazama nyama yake, akalikwangua kokwa kwa kidole. Akachagua lingine, akalikata. Akachagua la chini kabisa kwenye kasha, akalikata na hilo. Akakata simu. Akasema anasubiri mpaka saa kumi; chochote kitakachochambuliwa kwa mikono atakipakia leo. Msimu ujao ataujadili mashine ikishapata akili.

Kilichofuata kilikuwa kama msiba na sherehe kwa pamoja. Watu wakamwaga ndoo, wakaanza upya. Ezron akavua ovaroli, akaketi sakafuni kati ya Ruti na Mama Gwantwa. Nilipokaribia kubonyeza tunda, Mama Gwantwa akaniuliza kama hakuna robota zinazonisubiri. Basi na herufi ile wameisoma!

Lori limeondoka limejaa. Shukrani sijapewa.

Jumamosi, 14 Juni

Ruti amepika ugali. Wengine wote maharage. Mboga yangu mimi ilikuwa parachichi. Zangu, za upande wa chini. Nimekula moja. Sasa nawaelewa wanaozitia kwenye ndoo.

Baada ya chakula ameongea, kwa sauti ya chini. "Baba Ikupa, sweta ungeniomba ningekupa," alisema. "Kilichoniuma ni lile la pili. Ulikuwa unaniona nikipanda na ndoo kutoka mtoni."

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Nimekaa nayo nje, kwenye kiti changu, baada ya kumfukuza kuku. Nimeona tatizo liko kwenye madaraja. Yako mawili tu na bovu. Kungekuwa na la kwanza na nusu ningemweka hapo bila ubishi.

Nimelifua sweta. Limeingia majini likiwa la mke wangu, limetoka likiwa la Ikupa alipokuwa darasa la pili.

Alhamisi, 19 Juni

Mashine imefundishwa upya. Picha wamepiga Ruti na Ezron, juu ya mkanda wenyewe, matunda ya kila mtu yamechanganywa. Kishikwambi siruhusiwi kukishika. Nilipita karibu nacho, Tumpale akakihamishia mkono wa pili.

Leo Bwana Deus amerudi. Kofia ameiweka ndani ya begi na begi amelifunga zipu.

Mkanda ukatembea. Tunda la Ezron: la kwanza. La Mama Gwantwa: la kwanza, na moja lenye mchubuko likaenda la pili, akalipinga, akaonyeshwa mchubuko, akakubali. Halafu yakaja ya Ruti. La kwanza. La kwanza. La kwanza. Mkono unayalaza kwenye kasha kama unalaza mtoto. Ruti alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yakawa yanamtetemeka, na safari hii si baridi.

Nilitaka kupiga makofi. Nilipiga, kusema kweli. Nikasikia nimeanza peke yangu, kisha ghala zima likaitikia. Ruti akanitazama kidogo. Si kwa ubaya.

Nikaharibu kwa kusema kwamba msingi nimeuweka mimi.

Yangu: bovu, bovu, bovu. Mara moja, la kwanza! Nikaruka juu. Kumbe ni la Ezron lililoviringika kutoka kwenye kasha lake.

Bwana Deus amekubali. Mavuno yote, na msimu ujao. Mama Gwantwa amemkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Makasha ya Ruti yamepakiwa ya kwanza, na yeye amesimama barabarani akilitazama lori mpaka limepotea kwenye kona ya kwenda Mlowo.

Jioni Ezron amenijia. Akasema, shemeji, si kwa kukudharau, lakini kuna kazi ya kuosha ndoo. Nimemwambia sifanyi kazi isiyo na cheo. Tumekubaliana: Mkuu wa Ndoo. Ovaroli ninayo.

Jumapili, 22 Juni

Ruti amecheka leo, mara mbili. Moja ilikuwa juu yangu, lakini naihesabu.

Kanisani, wakati wa matangazo, Tumpale amepewa nafasi. Habari kubwa! Bwana Deus ataleta ndege ndogo isiyo na rubani, ya kupulizia dawa parachichi zetu msimu ujao. Kijidege tu, kinanguruma kama nyigu. Ila hakijui mashamba ya watu. Anahitajika mtu atakayetembea na kifaa mkononi kwenye mipaka ya kila shamba. Pale atakapopita, ndege itaamini ndipo mpaka ulipo.

Itaamini!

Nikanyoosha mkono. Mama Gwantwa akatazama upande wa kwaya. Nikanyoosha miwili. Akatazama paa. Akauliza kama kuna mwingine yeyote, yeyote jamani, mtu wa kupanda na kushuka vilima na umande huu. Hakuna. Ezron alitaka kusimama, goti likakataa. Basi wakanikubalia, lakini Tumpale atatembea nyuma yangu.

Hilo halina shida. Binti wa mjini, atachoka kabla ya shamba la pili.

Mchana huu wote nimekuwa mpakani kwetu na Ezron nikifanya mazoezi. Nimegundua nikitembea nimeegemea kushoto, kidogo tu, kama mtu mwenye kiatu kinachobana, mistari miwili ya parachichi zake inaingia kwangu yenyewe.

Ruti ameniuliza mguu umefanya nini.

Nimemwambia upepo.